Kusafirisha Vifaranga Walio Hai: Gharama Yake na Matunzo Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tabora)



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii ya kusema mbele yenu, ijapokuwa wengi hapa mwajua ya kuwa sikuiomba. Katika mkutano uliopita Bwana Mweka Hazina alisoma hesabu ya mradi wetu wa kuku, na alipofika penye maneno "hasara ya safari, vifaranga 71" watu waligeuza nyuso zao kunitazama, maana ndimi niliyekabidhiwa kazi ya kuwapokea. Mwenye Kiti akaamuru nije nieleze jambo lote. Basi tangu siku ile nimesoma habari za usafirishaji wa kuku kadiri nilivyoweza kuzipata, na leo nawaletea niliyoyaona, pamoja na yale niliyoyafanya mimi mwenyewe.

Yafaa nianze mbali kidogo, katika nchi ya Marekani, kwa sababu huko ndiko kazi hii ilikokomaa. Mwaka 1892 mtu mmoja wa Stockton katika jimbo la New Jersey, jina lake Joseph Wilson, alituma vifaranga wa siku moja kwa gari la moshi. Mwaka 1913 Posta ya nchi ile ilianza kuchukua vifurushi vya watu, na mwaka 1918 ikakubali kuchukua vifaranga wa siku moja. Hata leo wanasafiri kwa Posta vivyo hivyo, wala si kuku tu, bali bata, bata bukini, bata mzinga, kanga na kware pia. Sisi tulio makarani tutapenda kujua pia ya kwamba katika kanuni za Muungano wa Posta wa Dunia, viumbe hai hawaruhusiwi kutiwa katika barua isipokuwa wachache, nao ni nyuki, ruba, viwavi wa hariri na wadudu wengine wadogo. Nimewaza sana juu ya karani yule aliyekaa mezani akaandika neno "ruba" katika orodha ya barua.

Sasa, mwenye akili atauliza: kiumbe aliyezaliwa leo awezaje kukaa ndani ya sanduku siku mbili pasipo tone la maji wala punje ya chakula? Jibu limo ndani ya yai lenyewe. Yai la kuku hulaliwa siku 21, na karibu na mwisho wa siku hizo, kabla ya kuvunja ganda, kifaranga huvuta ndani ya tumbo lake kiini cha njano kilichosalia. Hicho ndicho pamba lake la safari. Kwa riziki hiyo aweza kuishi muda wa saa 72 hivi, na ndiyo sababu kanuni ya Posta ya Marekani husema vifaranga sharti wafikishwe kwa mwenyewe kabla ya kutimia saa 72 tangu kutotolewa. Mungu amempa kuku akiba hiyo kwa kuwa mayai ya kiota kimoja hayaanguliwi yote kwa saa moja, na mama hawezi kuondoka wakati wengine wangali ndani ya maganda. Wanadamu wameona nafasi hiyo wakaitia katika biashara.

Walakini hapa ndipo nilipokosea mimi, na nadhani wengi hukosea. Saa 72 ni kipimo cha chakula. Si kipimo cha hewa, wala cha joto, wala cha baridi. Kifaranga aliye na kiini tumboni aweza kufa kwa saa moja akikosa pumzi.

Tazameni jinsi wenzetu walivyolifikiria sanduku. Sanduku la vifaranga 100 hugawanywa vyumba vinne, 25 katika kila chumba, ili wakisikia baridi wasikimbilie pembe moja wote na kukanyagana. Lina matundu pande zote na juu pia, na kifuniko chake kina vinundu vilivyoinuka, hata ukipanga sanduku juu ya sanduku nafasi ya hewa hubaki katikati. Chini hutandikwa nyuzi za mbao zilizokunwa ili miguu isiteleze, maana kifaranga anayeteleza siku mbili mfululizo hufika miguu imepanuka asiweze kusimama tena. Na hawapendi kutuma wachache. Kwa desturi idadi ndogo kabisa ilikuwa 25, kwa sababu kila mmoja ni moto wa mwenzake. Watotoleshaji wengine huongeza majogoo madogo ambayo mnunuzi hakuyaagiza, yawe joto tu la njiani. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kisha nikawahurumia majogoo yale ambayo kazi yao yote duniani ni kuwa blanketi.

Juu ya gharama, msidhani ya kuwa uzito ndio unaoleta bei. Kifaranga mmoja ana gramu 40 hivi, kwa hiyo 100 ni kilo nne tu. Kinacholipiwa ni haraka na uangalifu, na Posta yao hutoza ada ya zaidi kwa mnyama aliye hai. Kuku mkubwa habebi tena akiba ya kiini tumboni. Kwa hiyo huyo hana budi kwenda kwa njia ya haraka kuliko zote, katika sanduku lililokubaliwa, na mara nyingi nauli yake huipita thamani yake mwenyewe. Ndiyo maana watu huko hununua vifaranga, na kuku mkubwa hununua kwa jirani.

Watotoleshaji wengi huangua mwanzo wa juma, wakapeleka sandukuni Jumatatu au Jumanne, ili Jumapili isiwakute vifaranga wakiwa njiani. Na sanduku linapofika katika ofisi ya Posta ya mji, karani wa Posta hampelekei mtu karatasi kwa taratibu zake. Humpigia simu alfajiri, naye mwenye mzigo huenda kuchukua wake kabla hajanywa chai.

Lakini msifikiri kwamba huko hawapati hasara. Mwaka 2020, kazi za Posta zilipochelewa katika sehemu nyingi, mjumbe wa jimbo la Maine, Chellie Pingree, alieleza ya kuwa vifaranga wasiopungua 4,800 waliotumwa kwa wakulima wa jimbo lake walifika wamekufa. Na mwaka 2025, katika jimbo la Delaware, vifaranga wapatao 12,000 waliachwa ndani ya gari katika kituo cha Posta muda wa siku tatu hivi, bila maji wala chakula, katika joto. Maelfu walikufa. Waliosalia walipelekwa kwa watu wanaotunza wanyama waliotupwa, kwa kuwa mtotoleshaji hakuweza kuwarudisha nyumbani kwake. Kifaranga aliyekwisha kutoka hapokelewi tena, kwa kuogopa ugonjwa.

Jambo hili la ugonjwa si dogo, na nitalisema kwa ufupi. Sanduku moja laweza kueneza maradhi katika wilaya nzima. Marekani walisumbuliwa sana na maradhi ya kuhara kweupe yaliyotembea pamoja na vifaranga, hata katika miaka ya 1930 wakaanzisha mpango wa taifa wa kupima makundi ya kuku wazazi. Sisi tunakumbuka yale ya Namanga ya mwaka 2017, vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walipoteketezwa na Serikali kwa kuingizwa nchini kinyume cha sheria. Watu walisema mengi siku zile, wengine kwa uchungu, na mimi pia niliona uchungu. Lakini vifaranga wale hawakuwa na kosa ila karatasi. Anayenunua mbali aulize karatasi kwanza, bei baadaye.

Sasa nije kwetu. Hapa kwetu anayefanya kazi ile ya Posta ni basi. Mwezi wa Juni wanachama 26 tulitoa shilingi 20,000 kila mtu, jumla 520,000. Tulinunua vifaranga 200 Dar es Salaam kwa shilingi 2,000 kila mmoja, yaani 400,000. Nauli ya masanduku mawili ilikuwa 20,000. Zilizobaki 100,000 zilikuwa za chakula na mkaa. Mwenye kituo cha kutotolesha alinishauri kwa simu tumweke mtu wa kusafiri nao. Nilikataa, nikijiona mwangalifu wa fedha za chama.

Waliangulia Jumatatu adhuhuri, wakapandishwa basi Jumanne alfajiri, nao walitazamiwa kufika usiku ule ule. Basi liliharibika ng'ambo ya Manyoni likalala porini. Mnajua baridi ya huko katika Juni. Kondakta wa basi lile, ambaye simjui jina na ningependa kumjua, aliyatoa masanduku katika buti akayaweka ndani pamoja na abiria, akayafunika kwa koti lake huku akiacha matundu wazi. Nimeambiwa hayo na abiria wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Basi liliwasili Tabora Jumatano saa nne asubuhi. Wakala alinipigia simu saa nne na robo.

Siku hiyo, Mabwana na Mabibi, tulikuwa na mkaguzi ofisini. Niliiona simu ikilia ndani ya mtoto wa meza. Nilijua ni nini. Nilihesabu kwa kalamu pembeni ya karatasi: tangu Jumatatu adhuhuri ni saa 46, na saa 72 zi mbali bado. Nikajiambia kwamba kuomba ruhusa kwa ajili ya kuku mbele ya mkaguzi ni aibu, na ya kuwa nitakwenda baada ya kazi. Nilifika kwa wakala saa tisa na nusu. Sanduku moja lilikuwa kivulini. La pili lilikuwa ukingoni mwa baraza, na jua la mchana lilikuwa limeligeukia. Mchukuzi pale aliniambia kwamba saa nne masanduku yote mawili yalikuwa yakipiga kelele hata watu wakacheka, ila hilo la ukingoni lilinyamaza tangu saa nane, naye akadhani wamelala.

Katika sanduku la kivulini walikufa 9. Katika lile la juani walikufa 62.

Hesabu yake ni hii. Kama wangalifika wote, kila kifaranga angalitugharimu shilingi 2,100 pamoja na nauli. Kwa kuwa walifika 129, kila aliye hai alitugharimu shilingi 3,256. Kama tungalimlipia mtu nauli ya kwenda na kurudi, tuseme 120,000, na hata hivyo wakafa kumi njiani, kila mmoja angalikuwa shilingi 2,842. Basi ile fedha niliyoiokoa ilitutia hasara zaidi. Tena hata mtu huyo hakuwa wa lazima. Kama ningaliomba ruhusa ya saa moja, na tukakubali kwamba wale 9 wangalikufa vyovyote, bei ingalikuwa shilingi 2,199.

Wanachama wengine wamenena, kwa wema, kwamba kosa ni la basi. Siwezi kukubali. Basi lilichelewa, lakini vifaranga walifika mjini wakilia.

Juu ya matunzo baada ya kufika nitasema machache, maana Bibi Katibu wa mradi ayajua kuliko mimi. Bruda iwe imekwisha pata moto kabla sanduku halijafika, kiasi cha digrii 32 hata 35 kwa juma la kwanza, kisha hupunguzwa digrii tatu hivi kila juma. Maji kwanza, chakula baadaye. Kila kifaranga achovywe ncha ya mdomo katika maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, mmoja mmoja, hata wakiwa 200, maana hajui bado maji ni nini. Wakijibana pamoja chini ya moto wana baridi. Wakikimbilia kuta huku wamefumbua midomo wana joto. Wanaotumia jiko la mkaa waache mlango wa hewa, kwa sababu moshi wa mkaa huua kimya kimya, watu na kuku.

Nina maombi mawili kwa mkutano huu kuhusu vifaranga wa mwezi wa Septemba. La kwanza, waagizwe waanguliwe Alhamisi, wafike Ijumaa usiku au Jumamosi. Wamarekani huikimbia Jumapili kwa kuwa Posta yao hupumzika, lakini basi letu halipumziki, na sisi ndio tunaokuwa huru siku hizo. La pili, asikabidhiwe mtu mmoja. Yaandikwe majina mawili na namba mbili za simu juu ya sanduku, kwa herufi kubwa, pamoja na maneno "WEKA KIVULINI".

Juu ya wale 62, nimekwisha kumpa Bwana Mweka Hazina shilingi 124,000 katika mafungu mawili, naye ananidai stakabadhi ya fungu la pili niitie sahihi. Alisema angengoja mkutano uamue kama zipokewe. Mimi naomba zipokewe, na naomba jina langu liwe mojawapo ya yale mawili juu ya sanduku.