Nani Analipia Huduma za Bure Mtandaoni?

Leo tunazungumzia uchumi wa vitu vya bure kwenye simu yako. Facebook haikutozi hata senti. Je, inajiendeshaje?

Bando unalonunua ni mapato ya kampuni ya simu. Meta, inayomiliki Facebook, hulipwa na watangazaji. Mwaka 2023, katika kila dola 100 ilizoingiza, zaidi ya 97 zilitokana na matangazo. Mkulima wa pamba akitazama video mbili tatu za wadudu waharibifu, mtambo wa Facebook unaweka kumbukumbu. Kesho yake analetewa tangazo la pampu ya kupulizia dawa. Muuza pampu amelipa ili amfikie mtu wa aina hiyo hasa. Kwa hiyo, kadiri unavyofahamika, ndivyo unavyowaingizia wenzako fedha.

Lakini si kila cha bure kiko hivyo. Muuguzi wa zahanati hujaza vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma za afya: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria. Jumla za mwezi huingizwa kwenye DHIS2, programu huria isiyotozwa ada ya leseni. Inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamechangia kuiendeleza. Miongoni mwa wafadhili wake ni Serikali ya Norway na Global Fund. Kuitunga programu ni ghali, ila nakala ya pili karibu haigharimu chochote. Ndiyo maana nchi nyingi zinaitumia kwa pamoja. Hata hivyo kompyuta, intaneti, mafunzo na mishahara lazima vilipiwe.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kabla hujabonyeza “Kubali”, jiulize: nani analipa, naye anapata nini? Programu ya tochi inayotaka majina yote yaliyomo kwenye simu yako inayatakia nini? Inyime. Majina hayo ni ya ndugu na wateja wako, nao hawajaombwa ruhusa.

Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje. Itumie haki hiyo, na umfundishe mwanao aliyeshika simu leo.