Mpe Kobe Wako Mahali pa Kuota Jua

Hotuba ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa wanafunzi wa klabu ya mazingira, wazazi na walimu. Tunaichapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu kobe wa maji wawili wanaotunzwa kwenye kidimbwi cha shule hii. Niseme ukweli mapema: mimi nilisomea uandishi wa habari, si udaktari wa mifugo. Haya nitakayosema nimeyapitia kwanza na mwenzangu wa idara ya mifugo. Nilikubali mwaliko huu upesi kwa sababu nina deni la zamani.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilinikuta nikiwa na miaka tisa. Maji yalipopungua, mjomba wangu alimwokota kobe mdogo wa maji njiani, akaniletea. Nilimweka kwenye beseni ndani ya jikoni, mbali na paka. Nilimpa ugali na majani ya sukuma. Nilimbadilishia maji kila nilipokumbuka. Nilimpenda kweli. Baada ya wiki kadhaa gamba lake lilianza kulainika, ukilibonyeza linabonyea. Kisha akaacha kula. Asubuhi moja nikamkuta amekufa. Nililia, na nyanya yangu akaniambia: "Mjukuu wangu, huyu hakuliona jua tangu aingie humu ndani." Miaka mingi baadaye ndipo nikajua kwamba nyanya alikuwa amesema kweli tupu.

Kabla ya mambo ya jua, tumalize mambo ya sheria. Kobe wa maji anayeishi mitoni na mabwawani mwetu ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa. Kibali hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ofisi za kaunti hazitoi, kwa kuwa wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa. Shule hii imefuata utaratibu huo. Kwa hiyo mtoto akija nyumbani na kobe mfukoni, tusifanye kama alivyofanya mjomba wangu. Arudishwe pale pale alipookotwa, siku hiyo hiyo. Akiwa ameumia, wapigieni simu KWS. Na kasa wa baharini ni habari nyingine kabisa. Aina zote tano zinazofika kwenye maji ya Kenya zinalindwa, na hakuna anayefugwa kwenye beseni.

Sasa, kwa nini jua? Kobe hana joto lake mwenyewe mwilini kama sisi. Hulipata kutoka nje. Akikosa joto, chakula hakisagiki vizuri tumboni. Pili, mionzi ya urujuanimno iliyomo ndani ya jua huiwezesha ngozi yake kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia kalsiamu kujenga mifupa na gamba. Ndiyo maana gamba la kobe wangu lililainika. Tatu, ni lazima akauke kabisa. Gamba linalokaa majini usiku na mchana huota ukungu na kuoza. Mitoni mtawaona wamejipanga juu ya gogo, na hata juu ya mgongo wa kiboko, wakiota jua. Na msidhani kumweka karibu na dirisha kunatosha, kwa sababu kioo huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo.

Kwenye kidimbwi chenu nimeona kuta laini pande zote. Hawa kobe hawana pa kupanda. Leo tutawatengenezea chelezo, na kitu pekee ambacho huenda mkakinunua ni kamba.

Tunahitaji chupa sita za maji za nusu lita zenye vifuniko, fito za mwanzi za unene wa kidole gumba, kamba ya nailoni na kipande cha msasa. Kamba ya katani haifai, itaoza majini. Mwanzi usiwe umepakwa rangi wala dawa ya mchwa.

Kobe hawa wana urefu wa kama sentimita 20. Jukwaa liwe na urefu wa mara mbili ya huo, yaani sentimita 40, na upana wa 30, ili aweze kugeuka. Kateni fito, mlainishe ncha kwa msasa, mzipange sambamba na mzifunge juu ya fito mbili za kukingama. Mifereji iliyo kati ya fito itamsaidia kushika kwa kucha.

Bandueni karatasi kwenye chupa, kwa sababu kobe huuma kila kitu. Kazeni vifuniko, kisha mfunge chupa tatu chini ya kila upande mrefu. Chupa moja ya nusu lita hubeba karibu nusu kilo, hivyo sita hubeba kama kilo tatu. Kobe wa kilo moja atatosha, na uzito wa mwanzi wenyewe pia. Lakini msiamini hesabu peke yake. Chukueni pakiti ya sukari ya kilo moja, mwitie ndani ya mfuko usiopitisha maji na mwiweke ukingoni, kwa kuwa kobe hupanda kupitia ukingoni. Chelezo kikizama upande huo, ongezeni chupa.

Kisha ngazi. Fungeni kipande kingine cha fito kwenye ncha moja ya jukwaa, kicheze kama mlango kwenye bawaba, na mwisho wake uingie majini. Hapa wengi hukosea. Mwanzi huelea, kwa hiyo ngazi itabaki juu na kobe hataifikia. Fungeni jiwe kwenye ncha ya chini, jiwe kubwa ambalo hawezi kulimeza. Kateni mikia yote ya kamba na msiache kitanzi. Shingo au mguu ukinaswa chini ya maji, kobe atakufa maji. Yeye hupumua kwa mapafu kama mimi na wewe.

Wenye kidimbwi kidogo wanaweza kutumia matofali mawili na jiwe bapa juu yake. Sharti ni moja: yasiyumbe, na pasiwe na uvungu ambao kobe ataingia akashindwa kutoka.

Chelezo kifungwe mahali panapopata jua la asubuhi. Lakini jua letu ni kali na maji machache hupata joto haraka. Nusu ya kidimbwi iwe na kivuli wakati wote, ili kobe achague mwenyewe. Chelezo kisikaribie ukuta sana, la sivyo atakitumia kuruka nje. Na juu ya kidimbwi wekeni waya wa kuku, maana kunguru na nguchiro wako macho kuliko sisi.

Wazazi, sikilizeni hili vizuri. Kobe mwenye afya njema anaweza kubeba bakteria wa salmonela. Kule Marekani, mwaka 1975 serikali ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba la chini ya sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiugua. Kila anayemshika kobe, au maji yake, au chelezo hiki, anawe mikono kwa sabuni. Watoto wa chini ya miaka mitano watazame tu. Maji machafu yamwagwe chini ya miti, mbali na jikoni na kisima, na yabadilishwe mara mbili kwa wiki ili mbu wasizaliane humo.

Kobe wa maji anaweza kuishi miaka 20 au zaidi. Darasa hili litamaliza shule na kuwaacha hapa. Ndiyo maana nimemwomba mwalimu wa klabu abandike zamu ya kazi ukutani: nani anakagua chupa, nani anabadilisha maji, nani anabonyeza gamba taratibu kuona kama ni gumu. Mkiona limelainika, au kobe anaacha kula, msingoje. Nendeni ofisi ya mifugo ya kaunti mkaombe ushauri.

Mimi nilichelewa. Nyinyi bado hamjachelewa. Haya, nani ana msasa? Tuanze kazi.