Salamu za Mwenyekiti wa Tawi: Sherehe ya Uhuru

Ndugu wanachama,

Jumamosi tunasherehekea Uhuru hapa London. Nina ombi moja: mashati ya kijani yabaki kabatini. Najua wapo watakaonuna, hasa kinamama mlioshona sare mpya. Lakini Chama chetu kilizaliwa 1977. Uhuru ni wa Desemba 9, 1961. Tukijaza bendera za Chama ukumbini, yupo Mtanzania mwenzetu atakayefika mlangoni na wanawe, ageuze. Watoto hao Wimbo wa Taifa watausikia wapi tena huku? Mwalikeni hata aliyechukua uraia wa Uingereza akapoteza wa kwetu kisheria. Bendera iwe moja, ya Taifa.

Wanaopika pilau wamjulishe Katibu kabla ya Ijumaa.

Kidumu Chama!