Muziki kwa Vijana Walio Kifungoni

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Forodhani)



Jambo tulilolichagua si la mishahara wala la likizo, nasi twajua kwamba hayo ndiyo yanayojaza viti. Ni jambo la vijana walio kifungoni, na kwamba yafaa wafundishwe muziki. Twaomba mtusikilize hata mwisho, kisha anayetaka kucheka na acheke.

Hapa Forodhani tulipo ni mahali pema pa kuanzia. Jengo lile kubwa la mawe lililo nyuma ya bustani, Ngome Kongwe, wazee wetu waliliita pia Gereza. Neno hilo asili yake ni la Kireno, na katika lugha ya Wareno maana yake ni kanisa. Wareno walikuwa na kanisa lao mahali pale pale. Waarabu wa Omani walipokwisha kuwafukuza, katika mwisho wa karne ya 17, wakajenga ngome. Katika pwani yetu jina la kanisa likawa jina la ngome, kisha, kwa kuwa ngome zilitumiwa kufungia watu, likawa jina la kifungo. Ngome Kongwe ilifungia watu katika karne ya 19. Kadhalika Fort Jesus ya Mombasa, iliyokuwa gereza tangu 1895 hata 1958. Walakini katika Ngome yetu leo mna uwanja wa michezo wenye ngazi za kukalia, na tangu 2004 tamasha la Sauti za Busara limeleta humo wapigaji muziki wa pande nyingi za Afrika. Na hatua chache kutoka hapo, katika Nyumba ya Forodha ya kale, mwaka 2002 kilifunguliwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, wakafundishwa vijana udi, kanuni, fidla na ngoma, pamoja na kusoma noti.

Basi mahali palipofungia watu pamekuwa mahali pa muziki. Ombi letu ni kwamba muziki nao uende waliko watu waliofungwa.

Tutazame jina jingine. Hapa Unguja na Pemba Serikali haiyaiti majengo hayo magereza, bali Vyuo vya Mafunzo, na sheria yake ya mwaka 1980 ni sheria ya kuwafunza wahalifu. Sisi makarani twajua uzito wa neno lililoandikwa juu ya jalada. Palipoandikwa "Chuo", mtu ana haki ya kuuliza: masomo ni yapi, saa zake ni ngapi, na mwalimu ni nani? Seremala, mshoni na mkulima wana majibu yao. Twataka mwalimu wa muziki naye awe na lake.

Wengine watasema: muziki ni burudani, na kifungo si mahali pa burudani. Hao, kwa heshima, hawajapata kujifunza chombo. Ichukueni kanuni. Ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na kabla hujapiga neno lolote la kupendeza huna budi kuzikaza moja moja mpaka zote tatu zisikilizane. Kijana asiyeweza kukaa kitako robo saa hatafika popote. Ama kidumbaki, ambacho ndicho kilichowalea wapigaji wengi wa taarabu, hakihitaji mali: ngoma mbili ndogo, fidla moja, manyanga, na sanduku la mbao lililofungwa mti na uzi, likalia sauti nene. Lakini anayepiga sanduku akikimbia, wote huharibikiwa, nao humgeukia kumtazama. Hapana askari aliyemwambia kitu. Amejua mwenyewe kwamba kosa lake limewafikia wenziwe, na mara ya pili atasubiri.

Hilo, Mabwana, ndilo somo lenyewe. Kijana aliyeiba au kupiga mtu amekwisha kuambiwa mara nyingi kwamba amekosa; ameambiwa na baba, na mwalimu, na hakimu. Katika kundi la muziki yeye mwenyewe hulisikia kosa, na papo hapo hupewa nafasi ya kulitengeneza, mbele ya watu wale wale. Sisi tuliosoma skuli za misheni twakumbuka kwaya. Wale watukutu wa darasa, waliopigwa fimbo bure mwaka mzima, mara nyingi ndio waliowekwa kuimba sauti ya chini. Na siku ya kuimba walikuja mapema, shati limepigwa pasi.

Twaleta ushahidi wa mtu anayejulikana duniani kote. Usiku wa mwisho wa mwaka 1912, katika mji wa New Orleans, Marekani, mtoto mmoja mweusi wa umri wa miaka 11 alifyatua bastola barabarani kwa furaha ya mwaka mpya. Akakamatwa, na kesho yake akapelekwa katika nyumba ya kufungia watoto weusi watukutu. Mle ndani mlikuwa na bendi, na mwalimu wake aliitwa Peter Davis. Mwalimu huyu kwanza hakumpenda, kwa sababu ya mtaa mbaya aliotoka. Hata siku zilipopita akampa tari, kisha akampa tarumbeta la kupigia ishara za saa, kisha koneti, mwisho akamfanya mkubwa wa bendi. Bendi ile ilipotembea mjini, watu wa mtaa wake walimwona mtoto wao amevaa sare, anaongoza, wakatoa fedha. Alifunguliwa mwaka 1914. Jina lake ni Louis Armstrong, na mwaka 1960 wenzetu wa Kongo walimpokea Léopoldville kama mfalme.

Hatusemi kila mfungwa atakuwa Armstrong. Kwa maelfu walio kifungoni hilo ni jambo lisilo hesabu. Twasema hivi tu: Peter Davis hakujua kwamba anamfundisha Armstrong. Alimfundisha mtoto aliyetoka mtaa mbaya.

Karibu na siku zetu, huko Norway, kazi kama hii ilianza mwaka 1991 katika kifungo cha wanawake cha Bredtveit, mjini Oslo. Jina lake ni Muziki Kifungoni na Katika Uhuru, na neno la mwisho ndilo lenye faida kwetu. Waliona kwamba mtu akifunguliwa, na kundi likabaki ndani, amepoteza yote; wakaweka makundi ya nje yanayompokea. Venezuela nayo tangu 2007 iliweka okestra ndani ya magereza. Kule Malawi, wafungwa na askari wa Zomba walirekodi nyimbo zao, na sahani hiyo ikashindania tuzo ya Grammy mwaka 2016. Kampala hatuna habari ya gereza, bali ya watoto waliolala barabarani: mwaka 1996 walianzisha M-Lisada, wakajifunza tarumbeta, na bendi ikawa nyumba yao. Yafaa kukumbuka kwamba safari ya vijana wengi kwenda kifungoni huanzia barabara hizo.

Sasa yako maneno mawili yanayosemwa barazani, nasi hatutayakwepa.

La kwanza: "Mwizi apewa udi, aliyeibiwa apewa nini?" Ni neno la haki, na mwenye kulidharau hajapata kuvunjiwa mlango. Aliyeibiwa anastahili mali yake na usalama wake, wala muziki haumlipi. Lakini kijana huyo atatoka. Pengine mwaka huu, pengine mwaka ujao, naye atarudi mtaa ule ule. Aliyeibiwa ndiye wa kwanza mwenye haja ya kujua atarudi akiwa nani.

La pili ni la dini. Wako wasiopenda vyombo vya nyuzi, nasi twaheshimu. Kwa hao kuna dufu na kasida, na kuna maulidi ya homu, ambayo watu hupiga magoti safu moja wakainama na kuinuka pamoja kama wimbi. Mwenye kuona kwamba hapo hapana nidhamu, hatujui ataiona wapi.

Na kwa wapendao sheria kuliko ngoma: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wataka kifungo cha mtoto kiwe njia ya mwisho na cha muda mfupi iwezekanavyo. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, katika kanuni ya 105 zataka michezo na mambo ya utamaduni yawekwe katika kila gereza kwa afya ya mwili na ya akili. Muziki, basi, si hisani ya mtu.

Imebaki sehemu yetu, nayo ndiyo ngumu zaidi. Kijana akitoka, mtu wa kwanza kumkuta mlangoni mwa ofisi ni karani. Karani ndiye anayepokea barua yake ya kuomba kazi, na ndiye anayeweza kuiweka chini ya nyingine zote bila ya Bwana mkubwa kujua. Tumeona barua zikikaa hivyo. Kundi la muziki laweza kumpa kijana mwalimu wa kumshuhudia na jioni za kukaa na watu wema. Haliwezi kuisogeza barua yake.

Kwa hiyo twaleta mbele ya Chama maombi matatu. Tuandike kwa heshima kwa wakuu wa Vyuo vya Mafunzo, tuombe saa mbili kwa juma ziwe za somo la muziki kwa vijana, na mwalimu wake alipwe kama mwalimu. Tukusanye vyombo: hapana shaka humu mna fidla zilizolala juu ya makabati tangu harusi. Na tuombe vilabu vya taarabu, Ikhwani Safaa iliyoanza 1905 na vinginevyo, kila kimoja kipokee kijana mmoja anapofunguliwa.

Bwana Katibu ana karatasi mezani. Fidla ya kwanza imekwisha kuandikwa, ingawa haina uzi mmoja.