Kila mwezi na herufi yake: toka A mpaka M
(Maneno yaliyosomwa na komite kwenye mkutano mkubwa wa mutualite, Baraka)



Mwaka jana, kwenye mkutano kama huu, mlitubana na maswali. Mulisema, na mlikuwa na haki, kwamba mutualite yetu imekuwa chama cha matanga. Mtu akifa tunakutana, tunachanga, tunazika, tunaachana. Mtu akiwa mzima hakuna anayemuuliza kitu. Mzee mmoja alisimama pale nyuma akasema: "Miye nangojea kufa tu ndiyo munikumbuke?" Watu walicheka, lakini siye wa komite hatukucheka sana. Tulirudi nyumbani na lile neno.

Sasa wazo la herufi halikutoka kwa komite, tusidanganyane. Lilitoka kwa mama mmoja wetu anayesoma alfabeti ya watu wazima ile ya jioni. Alifika kwenye kikao siku ya pili tu ya masomo, anajua A peke yake. Akatuuliza: "Miaka hamsini na kitu nimeishi bila hii A. Leo niko nayo. Nitafanya nayo nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mmoja akasema kwa mchezo: "Basi mwezi huu tufanye kitu kinachoanza na A, ambacho hatujafanyaka." Mchezo ukawa mpango. Sharti lilikuwa moja tu: kitu kiwe kipya kwa wengi wetu, na kisiombe dola za watu wa nje.

A tuliifanya Aibu. Kila mtu achague jambo moja analoliogopa kwa sababu ya aibu, alifanye kabla mwezi haujaisha. Baba mmoja aliyekuwa mwalimu kambini alikwenda sokoni kuuza lenga-lenga kwenye beseni, mwenyewe, bila kumtuma mke. Mwingine alikaa kwenye benchi moja na mke wake kwenye darasa la alfabeti. Wengine, tunawajua, walisema wameshinda aibu yao lakini hawakutaka kutuambia ni ipi. Tuliwaandika hivyohivyo.

B ilikuwa Baiskeli, kwa ajili ya mama. Vidonda vingi vya magoti, kicheko kingi, na leo mama wanne wanakwenda shamba kwa baiskeli. Tupite.

CH tunataka kukaa nayo kidogo, maana ni kazi ambayo haijaisha. Tulichagua Cheti. Watoto wengi wa mutualite hii walizaliwa Lugufu au Nyarugusu. Walirudi na kikaratasi cha hospitali ya kambi, kimekunjwa mara nane, kingine kimeliwa na panya. Na wale waliozaliwa hapa baada ya kurudi, wengi hawakuandikishwa popote, kwa kuwa siye wenyewe tulizoea kwamba kuandikisha ni kazi ya HCR. Kambini ulikuwa unaitwa kwa spika, unapanga mstari, wanakuandika. Hapa hakuna anayekuita. Sheria ya familia ya nchi yetu, tangu ilipobadilishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 za kwenda kumtangaza mtoto kwenye ofisi ya etasivili. Siku 90 zikipita, mlango ule unafungwa, na lazima kupitia tribinali, upate hukumu inayosema mtoto huyu ni fulani, mwana wa fulani, ndipo etasivili waandike.

Tulikaa Jumapili tatu tukiandika majina ya watoto wote kwenye daftari, nyumba kwa nyumba. Kumbe kuna wazazi ambao hawakukumbuka mwaka. "Alizaliwa wakati wa mvua ile iliyobomoa choo." Tukaita majirani wa kambini, tukahesabu: choo kilibomoka kabla fulani hajaolewa, yule aliolewa mwaka ule walipofunga Lugufu, basi ni 2009 au nyuma kidogo. Ndivyo tulivyopata miaka ya watoto, kwa vyoo na harusi. Kisha tulikwenda kwa kikundi, siyo mtu mmoja mmoja. Kwenye ofisi moja tuliambiwa malipo ambayo hayakuwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Tulikuwa 17, tukaanza kuisoma ile karatasi kwa sauti, mama wa alfabeti akitusaidia na A zake. Malipo yakapungua. Hatusemi yaliisha, tunasema yalipungua. Watoto wachanga wote wa mwaka huu wameandikishwa ndani ya siku zao. Wakubwa bado wanangojea tribinali, na daftari liko kwa sekretari: mzazi ambaye jina la mtoto wake halimo, aje leo kabla ya kuondoka.

D ilitushinda. Tulichagua Deni, kila mtu aje aseme deni lake kwa mutualite. Kikao kile walikuja watu sita, na watano kati yao ni komite. E tukafanya Elfu, franka elfu moja kila wiki kwenye sanduku, na hiyo imeendelea vizuri kuliko tulivyofikiri, mweka sanduku atawaeleza. F, tulipanda Fizi, mlimani kule, na vijana waliozaliwa kambini. Walikuwa wanasikia tu wazazi wanasema "kwetu Fizi, kwetu Fizi", wakidhani ni pale barabarani. Kijana mmoja alipofika juu akaona ziwa lote chini, akasema kwa Kiswahili chake cha Kasulu: "Kumbe tulikuwa na sehemu nzuri hivi, mkaiacha?" Wazee walinyamaza. G ilikuwa Gazeti, na gazeti lenyewe ndilo hiki kijarida mnachokishika. Msikitumie kufungia ndagala kabla hamjakisoma.

Sasa H. Wengine kwenye komite hawakuitaka. Tulichagua Hadithi, lakini siyo za sungura. Tuliwaalika jirani zetu ambao hawakukimbia, ama walikimbilia porini na milimani tu, hawakuvuka ziwa. Mnajua yaliyoko kati yetu. Siye tunasema: tulirudi tukakuta miembe yetu inavunwa na watu, mashamba yamelimwa, parsele zina nyumba za wengine. Na watoto wetu wanaitwa Batanzania mpaka leo. Wao wanasema: ninyi mlikuwa munakula posho, batoto banasoma, siye tulikuwa tunakula mizizi. Kila upande una kesi yake kwa chefu.

Tulikubaliana jambo moja kabla ya kuanza: usiku huu hakuna kutaja shamba. Kila mtu aseme tu alipokuwa mwaka 1996, na alipokuwa mwaka 1998. Tulikaa kwenye moto mpaka saa saba ya usiku. Hatutarudia hapa yaliyosemwa, kwa sababu waliosema waliyasema kwa watu waliokuwa pale. Lakini moja tumeruhusiwa. Kulikuwa mmoja wetu aliyekuwa na ugomvi wa shamba na mzee wa avenii ya pili, ugomvi wa miaka. Yule mzee alipofika zamu yake alisema alirudi kijijini kutoka porini akakuta bibi mmoja amekufa ndani ya nyumba, watu wake wote wamevuka ziwa. Akachimba kaburi peke yake, na jembe bovu. Akamgeukia yule ndugu yetu: "Yule alikuwa bibi yako. Nilimuweka chini ya mwembe. Njo sababu sikukata ule mwembe. Weye ulifikiri nautaka maembe."

Kesi ya shamba haikuisha siku ile. Mpaka wa shamba bado unapimwa. Lakini siku ya tatu walikwenda wawili kulipalilia kaburi, na mwembe umebaki.

Baada ya H watu walikuwa wamechoka, I ikawa Imla tu: mama wa alfabeti wakaandika wanachosomewa, na wanaume wakasahihishwa na wake zao. J ilikuwa Jirani, na jirani tuliyemfikiria si wa avenii. Ni wale Warundi wa Lusenda, kambi iliyofunguliwa mwaka 2015 kwenye barabara ya kwenda Uvira. Tunapita pale kila siku kwa taksi tukitazama dirishani. Siye, watu wa kambi miaka na miaka, hatujawahi kushuka! Tulichanga mbegu za lenga-lenga na za bamia, tukaomba ruhusa, tukashuka.

Wengine wetu walisema harufu ya turubai iliyopigwa na jua iliwashika koo. Mama mmoja wa kule alituonyesha karatasi yake ya posho, bila sisi kuuliza, na mikono yetu ikajua yenyewe inavyokunjwa. Tulifikiri tunakwenda kuwapa pole. Wao walikuwa na swali moja, wakalirudia kila nyumba: kurudi kukoje? Walipojua tumetoka Kigoma kwa meli tukashushwa hapa Baraka na magunia yetu, wakataka kujua yote. Ulikuta nini? Nyumba ilikuwepo? Nani alikuwa kwenye shamba lako? Walikupa nini, kikaisha baada ya miezi mingapi? Mmoja wetu alianza kusema maneno mazuri ya mikutano, mama yetu mmoja akamkata: "Muwaambie kweli. Ukirudi beba mbegu na jembe. Sufuria utaikuta. Na mutoto akifika siku 90 hajaandikwa, utalia." Warundi waliandika. Mtu aliandika "siku 90" kwenye kiganja, tukamwambia kwake sheria inaweza kuwa nyingine, aulize.

Tumerudi pale mara mbili. Lenga-lenga zao zimeota kuliko zetu, hilo linatuuma kidogo.

K. Hapa palikuwa na mabishano makubwa, maana tulichagua Kuogelea. Tuko watu wa ziwa. Mababu walivua mikeke hapa. Lakini Nyarugusu iko bara, mbali na ziwa, na mtoto aliyekulia pale anajua maji ya bomba na ya dumu tu (siye tunasema bidoni, wao wanasema dumu, na ugomvi huu hautaisha). Kijana wa miaka ishirini anapanda boti ya mota kwenda Ubwari na gunia za ndagala, boti imejazwa kupita kiasi, jile ya kuokoa hakuna, na hajui kuelea hata dakika moja. Ziwa letu lina mahali linafika kina cha mita 1,400 na zaidi. Tulisema tungojee nini?

Tuliwaomba wavuvi, wale wale waliobaki, watufundishe. Walikubali kwa sharti kwamba ni asubuhi, mbali na mlango wa mto kwa ajili ya mamba na kiboko, na kila anayejifunza ashike bidoni tupu iliyofungwa vizuri. Unaikumbatia kifuani, unapiga miguu. Siku za kwanza ilikuwa kama mbuzi wametumbukia. Mwezi ulipoisha vijana wengi waliweza kwenda mpaka kwenye mtumbwi uliofungwa na kurudi.

Kulikuwa na mama mmoja wetu, hakuja kujifunza, alikuja kumchunga mjukuu. Alikaa mbali, kwenye mchanga mkavu. Alivuka ziwa usiku wa mwaka 1996, na si wote waliopanda naye mtumbwi walifika Kigoma. Tangu arudi, anaishi hatua mia tatu kutoka majini na hajawahi kuyagusa. Maji ya kufua anachotewa. Wiki ya tatu mjukuu alimwita: "Bibi, njo uone naelea." Akasogea. Akasimama maji yalipofika kwenye vifundo, kitenge mkononi, akamtazama yule mtoto anapiga miguu. Hakusema kitu na hakuna aliyemuambia kitu. Kisha akainama, akanawa uso, akarudi kukaa. Sasa anafua mwenyewe.

L ilikuwa Lugha. Watoto wafundishwe kumsalimu mzee kwa Kibembe bila kuchekwa. Inakwenda polepole, na wanaocheka ni wazee, siyo watoto. M ni Muhogo, tuko ndani yake. Mnajua ugonjwa wa majani kukunjamana na kuwa na madoa ya njano. Unaletwa na vile vinzi vyeupe vidogo chini ya jani, lakini pia tunaupanda siye wenyewe tukichukua miti ya kupanda kwenye shamba linalougua. Tumegawa shamba la mutualite pande mbili: upande mmoja miti tuliyoichagua kwenye mashina yasiyo na dalili hata moja, na shina linaloonyesha ugonjwa linang'olewa mara, upande mwingine kama tulivyozoea. Muhogo hauna haraka, majibu tutawaletea mkutano ujao. Kwa macho tu, upande wa kwanza una sombe nzuri zaidi, na tunaomba wanaochuma usiku waache.

Inabaki N. Vijana wanataka Ngoma. Mama wanataka Nyumba: kujenga kwa zamu nyumba ya mjane mmoja kila mwaka, mutualite nzima itoe matofali na mikono. Baba mmoja ameandika Nyuki. Komite haina upande, ingawa mnatuona tunatazama nyumba ya nani. Karatasi za kupiga kura ziko kwenye kibakuli pale mezani; asiyejua kuandika achore N tu na alama ya anachotaka, mama wa alfabeti watawaonyesha. Tunafunga kibakuli saa tisa.