Wosia wa Jenerali Reid na Kiti cha Muziki

Kiti cha uprofesa wa muziki katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kimetokana na wosia wa askari. Jenerali John Reid alifariki mwaka 1807 akiacha zaidi ya pauni 50,000. Binti yake aliishi kwa mali hiyo mpaka naye alipofariki mwaka 1838. Ndipo chuo kikairithi, na mwaka 1839 John Thomson akawa profesa wa kwanza.

Hapa kwetu Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, kila linapotajwa somo la muziki, Bunia hata Komanda, husikika hoja kwamba fedha ya tajiri humfunga profesa. Ushahidi wake ni wosia huohuo. Ni kweli Reid, mpiga filimbi na mtunzi, aliagiza tamasha la kila mwaka karibu na tarehe 13 Februari, siku aliyozaliwa, lifunguliwe kwa tungo zake mwenyewe.

Lakini wosia husomwa wote. Tungo hizo zilichukua dakika chache za jioni moja. Kifungu kizito ni cha mshahara: usipungue pauni 300 kwa mwaka. Chuo kikakigeuza kima cha chini kuwa ukomo, kikalipa 300, na sehemu kubwa ya fedha ikaenda kwenye mahitaji mengine. Profesa John Donaldson, aliyekalia kiti tangu 1845, hakukubali. Shauri likafika mahakamani, na maneno ya marehemu yakawa ndiyo ngao ya mwalimu. Ukumbi wa muziki wa chuo, uliofunguliwa mwaka 1859 baada ya shauri hilo, ungalipo. Aliyembana profesa alikuwa mwajiri wake. Mfadhili, akiwa kaburini, alimtetea.

Ituri ilipata ufadhili wa namna nyingine. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alinasa muziki wa ukingoni mwa msitu wa Ituri, na mwaka 1954, kwa msaada wa Wakfu wa Nuffield, akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini. Kazi yake ni hazina, nayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Ila fedha hiyo ililipia mashine na santuri. Haikumlipa mwalimu wa Ituri. Katika filimbi za msituni kila mpigaji ana sauti moja tu, na ufundi wote uko katika kungoja zamu. Mwandishi wa mhadhara huu alifundishwa kungoja huko kwa kiwiko cha mzee mbavuni, kila alipowahi. Santuri haina kiwiko.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa kakao wa Komanda anayetaka kuweka wakfu kiti cha muziki Bunia aanze na mshahara wa mwalimu, aeleze salio litumikeje, na amtaje atakayeruhusiwa kushtaki likitumiwa vingine. Tamasha la jina lake aliandike mwisho.