Kofia ya Mkono na Bei Yake

Anayependa kudarizi kofia ana ujuzi tayari. Kinachomwangusha mara nyingi ni hesabu. Kofia ya viua ya Zanzibar na Lamu ina vipande viwili, duara la juu na ukuta wa kuzunguka kichwa, na kila kiua, yaani kitundu cha urembo, huzungushiwa uzi kwa sindano. Kazi hiyo huweza kula wiki nyingi. Hata hivyo mshonaji hutaja bei kwa kujumlisha kitambaa na nyuzi tu, kana kwamba mikono yake haikufanya kitu. Chukua mfano: ukishona kwa saa 60 na kuiuza kofia kwa faida ya shilingi 30,000, umejilipa shilingi 500 kwa saa. Basi andika saa zako kwenye daftari kabla ya kutaja bei.

Utaambiwa kwamba kofia za mashine ni rahisi, nani atanunua yako? Ni kweli, na kushindana nazo kwa bei ni kujiumiza bure. Lakini bwana harusi, au Mwomani anayevaa kofia ya asili hiyohiyo, anaijua kazi ya mkono akiigeuza na kutazama upande wa ndani. Huyo ndiye mteja wako. Shona kwa oda, pokea arubuni ya kutosha kununua vifaa, na anza mapema kabla ya Idi na Maulidi. Kwa fedha ya kila wiki, shona kofia nyepesi zenye urembo kidogo.